Sakafu ya Gari-Nyumba: Ufafanuzi wa Tabaka, Unyevu na Uzito katika Ubadilishaji wa Vani za Mizigo

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna sakafu inavyotandikwa katika vani ya mizigo inayobadilishwa kuwa gari-nyumba, kazi ambayo katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini mara nyingi hufanywa na mwenye gari mwenyewe bila kupeleka gari karakana. Hoja kuu ni kwamba sakafu hiyo ni mfumo wa tabaka unaokabiliana na mambo matatu kwa wakati mmoja: joto, unyevu na uzito. Kwa kutumia hesabu rahisi, makala inabainisha kwa nini sakafu iliyotandikwa bila kihami joto hulowa hata pasipo mvua, na kwa nini kihami joto chenyewe, kikiwekwa bila uangalifu, huweza kuficha kutu badala ya kuizuia.

1.0 Utangulizi

Istilahi gari-nyumba inatumika hapa kumaanisha gari lenye kitanda, jiko na kabati, linalotumiwa kwa safari ndefu au kwa makazi. Wazo hili si geni. Mwaka 1951, kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutoa samani za kupachikwa ndani ya basi dogo la Volkswagen. Hivi leo, wanaojibadilishia magari wenyewe huchagua vani kama Mercedes-Benz Sprinter, Fiat Ducato au Ford Transit. Vani hizo ziliundwa kubeba mizigo. Mzigo haupumui, haupiki wala haukaushi nguo. Binadamu hufanya yote hayo, na kila tendo huongeza mvuke ndani ya chumba kidogo cha chuma.

Sakafu ndiyo kazi inayotangulia, nayo ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kurekebishwa baadaye. Kabati, kitanda na jiko husimama juu yake. Kosa likigunduliwa baada ya mwaka mmoja, tiba yake ni kubomoa karibu kila kitu. Kwa hiyo, methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ina maana ya moja kwa moja katika muktadha huu.

2.0 Umbo la Sakafu ya Kiwandani

Sakafu ya vani ni bati la chuma lililokunjwa kuwa na migongo na mabonde. Mikunjo hiyo hulipa bati jembamba ugumu wa kuhimili mzigo. Hata hivyo, huleta matatizo mawili kwa mtandikaji. Kwanza, ubao uliolazwa juu yake huegemea migongo tu. Pili, maji yanayopenya hukusanyika mabondeni, mahali ambapo jicho halifiki.

Chini ya bati hilo hupita mabomba ya breki, nyaya za umeme na, katika sehemu fulani, tangi la mafuta. Kutoboa bila kwanza kuchungulia uvunguni ni hatari. Njia salama zaidi ni kutumia matundu ya kiwandani yaliyowekwa kwa ajili ya kufungia mizigo, kwa kuwa hayo tayari yameimarishwa.

3.0 Joto na Umande

Hewa yenye jotoridi la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevuanga wa asilimia 60 huanza kuacha matone inapogusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo. Kiwango hicho huitwa nukta ya umande. Swali la msingi, basi, ni hili: uso wa sakafu utakuwa na nyuzi ngapi usiku wa baridi?

Tuchukulie nje ni nyuzi 0 na ndani ni nyuzi 20. Ukinzani wa joto wa plaiwudi ya milimita 12 ni takriban 0.09 m²K/W. Tabaka la hewa tuli linalogusana na sakafu kwa ndani huhesabiwa kuwa 0.17, na lile la nje 0.04. Chuma hakichangii chochote cha maana, kwani hupitisha joto mamia ya mara zaidi ya mbao. Jumla ni 0.30. Kwa kuwa tabaka la hewa ya ndani ni zaidi ya nusu ya jumla hiyo, jotoridi hushuka kwa nyuzi 11.3 kabla hata ya kufika kwenye ubao. Uso wa sakafu hubaki na nyuzi 8.7. Hii ni chini ya nukta ya umande, sakafu italowa.

Ukiongezwa ubao wa povu gumu la polistirini wenye unene wa milimita 25, jumla ya ukinzani hupanda hadi 1.06. Uso wa sakafu huwa na nyuzi 16.8 nao hubaki mkavu. Aidha, joto linalopotea kupitia sakafu hupungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba povu haliondoi baridi, hulihamishia chini. Bati lililo chini ya povu hukaribia nyuzi 0, na hewa yoyote ya ndani inayopenyeza hadi hapo itaacha maji. Ndiyo maana viungo vya povu na kingo zake huzibwa kwa utepe na silikoni. Kwa mantiki hiyohiyo, papi za mbao zinazowekwa katikati ya povu ili kushikilia skrubu huwa madaraja ya joto, kwani mbao hupitisha joto takriban mara nne zaidi ya povu. Zinafaa kutumika mahali panapozihitaji tu, kama vile kizingitini mwa mlango na chini ya kabati nzito.

4.0 Hatua za Utandikaji

Hatua ya kwanza ni kusafisha bati, kukwangua kutu kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Chenga za chuma zinazotokana na kutoboa huondolewa zote, kwa kuwa zikiachwa huota kutu na kuiambukiza rangi nzima. Kingo za kila tundu jipya hupakwa rangi.

Hatua ya pili ni kuchukua vipimo. Kuta za vani hazijanyooka. Zimepinda kuzunguka matairi na nguzo. Pale ambapo gari lilikuja na ubao wa kiwandani wa kubebea mizigo, ubao huo hutumika kama kielelezo cha kukatia.

Hatua ya tatu ni kulaza povu. Vipande vyembamba huweza kujazwa kwanza mabondeni ili povu la juu liegemee eneo lote. Gundi inayochaguliwa isiwe na viyeyushi vinavyoyeyusha polistirini.

Hatua ya nne ni plaiwudi, ambayo huusambaza uzito wa mguu au kabati juu ya eneo pana la povu. Inayofaa ni ile iliyounganishwa kwa gundi isiyoachia majini. Kingo zake hupakwa vanishi pande zote, na nafasi ya milimita chache huachwa ukutani ili mbao ipate pa kutanukia. Mwisho hutandikwa zulia la vinaili, ikiwezekana kipande kimoja kisicho na kiungo.

5.0 Uzito na Usalama

Katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, leseni ya kawaida ya daraja B kwa ujumla huruhusu gari lenye uzito wa juu wa kilo 3,500. Sakafu ya mita 3.2 kwa 1.7 iliyotandikwa plaiwudi ya milimita 12 huongeza takriban kilo 44. Ikitumika ya milimita 18, huongeza kilo 67. Tofauti ya kilo 23 inazidi uzito wa ndoo nzima ya lita 20 za maji.

Mambo mawili hayaruhusu kubahatisha. Kwanza, viti vya abiria na mikanda yake havifungwi juu ya povu, kwa sababu povu hubonyea na bolti hulegea. Mahali hapo hufungwa chuma kwa chuma, kwa utaratibu uliothibitishwa. Pili, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Tundu la kuitolea nje sakafuni mwa kabati la mtungi halipaswi kuzibwa na tabaka lolote, la sivyo gesi iliyovuja hutuama pale wanapolala watu.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ubora wa sakafu ya gari-nyumba haupimwi kwa mng'ao wa tabaka la juu. Unapimwa kwa ukavu wa bati ambalo halitaonekana tena. Milimita 25 za povu hutenganisha sakafu inayolowa na sakafu kavu, lakini ni kingo zilizozibwa zinazoamua iwapo ukavu huo utadumu. Hivyo basi, muda unaotumika kusafisha, kupaka rangi na kuziba kabla ya ubao wa kwanza kulazwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa zaidi ya kazi yote.