Ngamia mmoja, kompyuta moja: nilivyomuundia mashine mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Hadado

Mwezi huu nimepigiwa simu na wazazi watatu, wawili wa Kisauni na mmoja wa Likoni, na wote wameuliza jambo lile lile. Mtoto amepata nafasi ya kusomea usanifu majengo, chuo kinamtaka awe na kompyuta yenye nguvu, sasa tumnunulie ipi? Badala ya kurudia maneno kwenye simu, nitawaeleza nilivyofanya kwa mwanafunzi wangu wa Hadado, ambako pesa zilikuwa chache, safari ndefu na umeme wa kuhesabu.

Hadado ni mji mdogo magharibi mwa kaunti ya Wajir. Mimi ni mtu wa Kibokoni, lakini nimefundisha hesabu pande hizo miaka mingi. Hata mwaka 2020, walimu wengi wasio wenyeji walipohamishwa kwa sababu za usalama, mimi nilibaki. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Mwaka 2024 binti mmoja niliyemfundisha aliitwa chuo kikuu Nairobi kusomea usanifu majengo. Kwao walikuwa wametoka kwenye ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na mifugo iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika. Mama yake aliuza ngamia dume, akapata shilingi 110,000, akanikabidhi zote. "Mwalimu anajua hesabu," alisema. Usingizi ulinipaa siku mbili.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka michache kabla ya hapo kijana mwingine alinunuliwa kompyuta ya mkononi ya mtumba kwenye duka moja mjini. Muuzaji aliwaonyesha kibandiko cha i7 na kuapa kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Ilikuwa i7 kweli, ila i7-4600U, prosesa ya mwaka 2013 yenye viini viwili tu, iliyoundwa kwa ajili ya kuokoa chaji. Barua inaandika vizuri sana. Jengo la ghorofa nne lilipofunguliwa ndani yake, ikaganda. Kazi ya mwisho wa muhula haikukamilika na kijana akarudia. Nami nilikuwa nimewaambia wazazi wake, "i7 ni nzuri," bila kuuliza ni i7 ipi. Basi jambo la kwanza: neno i5 au i7 peke yake halitoshi. Omba namba kamili inayofuata, kisha uitafute kwenye intaneti ukiwa bado dukani.

Sasa tuelewe kazi yenyewe, maana mwanafunzi wa usanifu ana kazi za aina mbili na kila moja inachosha kiungo tofauti cha mashine. Ya kwanza ni kuchora: AutoCAD, Revit, ArchiCAD. Hapa watu wengi hukosea kwa kufikiri kwamba viini vingi ndiyo kasi. Programu hizi kwa sehemu kubwa ya kuchora hutumia kiini kimoja, wengine wanatazama tu, kama gari la mkokoteni linalovutwa na punda mmoja huku wenzake wakila majani. Kwa hiyo tafuta prosesa ambayo kiini chake kimoja kina kasi. Ya pili ni kutoa picha ya mwisho, ile inayoonekana kama nyumba imeshajengwa na jua linaipiga. Wanafunzi wanaita kurenda. Programu kama Lumion, Twinmotion na Enscape humtwisha mzigo huo kadi ya grafiki. V-Ray na Blender zinaweza kutumia viini vyote vya prosesa, au kadi.

Kati ya kazi hizo mbili, mwanafunzi huchora kila siku na kurenda siku chache za mwisho. Lakini alama zinaonekana kwenye picha ya mwisho! Ndiyo maana sikuweza kudharau upande wowote.

Nilinunua Ryzen 5 5600, prosesa iliyotoka mwaka 2022, yenye viini sita na kasi inayofika gigahezi 4.4, na bodi kuu ya B550 yenye nafasi nne za RAM. Viwili hivyo vilinigharimu 31,500. Fundi mmoja alinishauri nichukue bodi ya zamani ya B450 ili niokoe elfu nne. Ushauri haukuwa mbaya, ila baadhi ya bodi hizo haziitambui prosesa hii mpaka zisasishwe kwanza, na mimi nilikuwa na basi la kurudi Wajir. Ujue pia kwamba 5600 haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi. Mwenye pesa kidogo zaidi anaweza kuanza na 5600G, ambayo inayo, akachora mwaka mzima, kisha akaongeza kadi.

RAM niliweka gigabaiti 32, vipande viwili vya 16, kwa 9,500. Muuzaji alisema 16 zinatosha. Zinatosha mpaka siku Revit, kivinjari chenye kurasa ishirini na picha za kuwasilisha zitakapofunguliwa pamoja. Nafasi mbili za RAM zimebaki wazi kwa siku zijazo. SSD ya terabaiti moja ilikuwa 9,000, na hapa sina mjadala: mashine ya kuchorea yenye diski ya zamani inayozunguka ni adhabu.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyonitoa jasho. Mpya zilikuwa nje ya uwezo wetu. Nilichukua RTX 3060 ya mtumba yenye gigabaiti 12 kwa 30,000. Kumbukumbu hiyo ni muhimu, kwa sababu jengo lenye miti, samani na vioo likiizidi kadi, programu hufa katikati ya kazi. Kadi za mtumba zina historia. Tangu Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi mnamo Septemba 2022, nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Sikukataa, lakini nilimwambia muuzaji aiwashe mbele yangu na kuipa mzigo nusu saa. Nilisikiliza feni, nikatazama joto, nikaangalia kama skrini inatoa michirizi. Kadi ya kwanza ilitoa. Ya pili ndiyo niliyolipia.

Kasha, kibodi, mausi, monita ya mtumba ya inchi 24 na pawasaplai ya wati 550 vilikula 22,000. Kwenye kasha unaweza kubana. Kwenye pawasaplai usithubutu, kwani ya bei rahisi ikiungua inaweza kuondoka na bodi. UPS ya 7,000 ilikuwa ya chumba cha Nairobi. Ikabaki elfu moja, tukala biriani Eastleigh.

Programu hatukulipia. Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na Revit bure kwa mwaka mmoja, na unahuisha kila mwaka ukionyesha bado unasoma; ArchiCAD nayo ina leseni ya wanafunzi. Kuna vijana bado wananunua nakala za wizi kwenye flashi kwa mia tano na kupata virusi ndani yake. Sielewi kwa nini.

Kabla ya hayo yote ilibidi nimshawishi mama. Alitaka ile ya kukunja, kama ya watoto wa wenzake. Na ana hoja: ya mkononi inabebwa darasani, inafanya kazi stima ikikatika, haiombi meza. Nikamwambia, binti akitafsiri, kwamba kwa pesa zile zile ya mkononi ingekuwa na nguvu kama nusu, na nyingi siku hizi RAM zake zimegandishwa kwenye bodi, hazibadilishwi. Akafikiri. "Ngamia akivunjika mguu, anachinjwa wote," alisema. "Hiki kikivunjika?"

"Hiki, Mama, unabadilisha mguu tu."

Akacheka, akasema ningekuwa mchuuzi mzuri. Lakini nawaambia wazazi wa Kisauni na Likoni: ikiwa mtoto analala nyumbani na kwenda chuoni kila siku kwa matatu, na walimu wanataka wachore darasani, ya mkononi inaweza kumfaa zaidi hata ikiwa na nguvu pungufu. Binti huyu alikuwa na chumba karibu na chuo. Kazi anaibeba kwenye flashi.

Shida ilikuja likizo ndefu, alipotaka kurudi Hadado na mashine yake. Kwanza basi. Kadi kama ile ni nzito na inaning'inia kwenye bodi kwa upande mmoja. Tuta moja la barabara linaweza kuvunja tundu lake. Nilimfundisha kuichomoa, kuifunga kwa mfuko wake na nguo, na kuirudisha akifika. Kasha likasafiri limelazwa, bodi ikiwa chini. Vumbi la huko ni jembamba kama unga, kwa hiyo kasha linakaa juu ya meza, halikai sakafuni, na vichujio vinapigwa brashi kila Ijumaa.

Kisha umeme. Nyumbani wana paneli mbili na betri moja ya 12V, 100Ah, yaani wati 1,200 kwa saa moja ukiimaliza yote. Betri ya asidi haimalizwi. Ukipita nusu mara kwa mara unaiua. Zinabaki 600, inverta inakula zake, tuseme 500. Nilipima kwa kipima wati: akichora, mashine na monita vinakula kama 130. Akirenda, karibu 300. Kwa hiyo usiku ana saa zisizofika nne za kuchora, au saa moja na nusu ya kurenda. Inverta iwe ya mawimbi safi, kwa sababu pawasaplai nzuri nyingi hazipatani na zile za bei rahisi. Tukakubaliana kurenda ni mchana, saa tano hadi saa tisa, jua likiwa linaingiza zaidi ya linavyotoka.

Likizo hiyo alikuwa anachora darasa la Hadado, lenye kuta nene na kivuli pande mbili. Mama yake alikuja kukaa nyuma yake na kuuliza kwa nini mlango unatazama upepo wa vumbi. Kwao anayejua nyumba ni mwanamke. Aqal ya wafugaji hujengwa na kufunguliwa na akina mama, na yeye amejenga zake nyingi kuliko msanifu yeyote ninayemjua. Binti akageuza mlango. Ilikuwa saa tisa na nusu, picha imefika asilimia themanini, na wingu moja likawa linakuja juu ya paneli. Tukatoka nje wote watatu kulitazama.