Waziri wa Maji

Maji yalikatika usiku wa kwanza, binti yangu akiwa na povu kichwani. Ilikuwa Julai 2022, tumeegesha kwenye kambi ya hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, na pampu ya ile nyumba ya magurudumu tuliyoikodi Las Vegas ilikuwa inakoroma kwa kuvuta hewa tupu.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma, aliinua macho kutoka kwenye meza ya kukunja.

“Tangi hili linaingia lita ngapi?”

“Mia na hamsini, Mama.”

“Na mmeoga wangapi?”

“Watatu.”

Akaguna. “Maji ya watu watatu hayo? Kwetu hayo yangeoga, yangefua, na kuku wangekunywa.”

Kuanzia usiku ule Mama ndiye aliyekuwa waziri wa maji. Bafu likafungwa. Kila mtu akapewa kopo moja na beseni, na maji ya kusuuzia sahani yakawa ya kuloweka sufuria. Mwanangu mdogo, mzaliwa wa Texas ambaye hajawahi kubeba dumu maishani mwake, alilalamika siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anasimamia dada yake apige mswaki bomba likiwa limefungwa.

Waliopata picha zetu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo walidhani tunatanua. Kweli, gari lina vitanda, jiko la gesi, friji na choo. Lakini lina urefu wa mita saba na nusu, linakunywa lita moja ya petroli kwa kilomita tatu na ushee, na kila kona kabati linafunguka vikombe vinakushukia. Kutoka Zion kuelekea mashariki kuna handaki la mwaka 1930, la karibu kilomita 1.8, lililochongwa kabla ya mtu kuwaza magari ya ukubwa huu. Tulilipa dola 15, askari wa hifadhi wakazuia magari ya upande wa pili, nasi tukapita katikati ya barabara kama msafara wa rais.

Mateso hasa ni matangi ya chini. Moja ni la maji ya jikoni na bafu, jingine la choo. Ukifika kituo cha kumwagia unavaa glavu, unaunga mpira mnene, unafungulia kwanza la choo, halafu lile jingine ili lisafishe mpira. Mimi niliunga mpira nusu nusu. Yaliyofuata sitayaandika gazetini, ila Mama alicheka mpaka akashika mlango, na viatu vile viliishia palepale Utah.

Tulipoingia Arizona simu zikaanza kubishana. Utah husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, Arizona haisogezi, na ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, iliyomo ndani ya Arizona inasogeza. Tulifika mji wa Page saa nzima kabla ya miadi yetu na mwongoza wageni. Saa ya Mama ilikuwa bado kwenye majira ya Dodoma na hakuona sababu ya kuigusa. “Yangu inanionyesha ndugu zako wamelala au wameamka,” alisema, “inanitosha.”

Saa ile ya ziada tuliitumia kutazama Ziwa Powell, lililotengenezwa na bwawa la Glen Canyon kwenye Mto Colorado. Mwaka ule lilikuwa limebaki na robo hivi ya ujazo wake. Kuta nyekundu za mawe zimezungukwa na mkanda mweupe, mrefu kuliko minazi, chumvichumvi iliyoachwa na maji yaliposhuka. Mama aliutambua mara moja: “Kama pipa letu la mvua, mwezi wa kumi.”

Kilomita chache kutoka hapo ni Antelope Canyon, ufa mwembamba ambao maji ya mafuriko yameupitia hadi mawe yakawa laini kama kitambaa kilichokunjwa. Huingii bila mwongozaji Mnavajo. Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo kwa mvua iliyonyesha mbali, wao wakiwa kwenye jua. Nilipowatafsiria watoto, Mama hakushangaa. Anayajua makorongo ya Dodoma: unavuka mchanga mkavu, unasikia mngurumo.

Karibu na Monument Valley tulinunua mkate wa kukaanga kwa mama mmoja wa Kinavajo. Mama alimega, akatafuna. “Andazi hili, wamesahau iliki.” Asili ya mkate huo si ya furaha. Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita, walihamishwa kwa nguvu mwaka 1864, wakalishwa unga na mafuta ya serikali hadi waliporuhusiwa kurudi mwaka 1868. Leo ardhi yao ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, lakini nyumba nyingi hazina bomba. Nyuma ya kibanda palikuwa na pikapu lenye tangi la plastiki. Mama aliuliza, kupitia kwa binti yangu, maji yanafuatwa umbali gani. Jibu lilipokuja wale wanawake wawili walitazamana, wakatikisa vichwa pamoja.

Grand Canyon mmeiona kwenye picha. Ni kubwa kuliko picha. Urefu wa kilomita 446, kina kinachofika kilomita moja na nusu na zaidi. Kutoka Desert View mto unaonekana kama kamba iliyodondoshwa.

“Hako ndiko kalikochimba yote haya?”

“Ndiyo, Mama. Na watu milioni 40 wanakategemea. Miaka mingi hakafiki baharini.”

Alikatazama muda mrefu, asiseme kitu.

Tuliporudisha gari Las Vegas, kijana wa ofisini alisema tufungulie maji yaliyobaki yamwagike. Taa ilionyesha theluthi moja. Mama aliomba dumu. Hakukuwa na dumu, kwa hiyo akachukua beseni letu, akakinga, na akaanza safari za kwenda na kurudi kwenye mti uliosinyaa kando ya uzio. Kijana alitazama saa yake. Mwanangu akachukua sufuria, akamfuata bibi yake.