Nora Roberts: walimufungia mlango juu ya mwandishi mwingine

Wengi wetu tuko na diploma nyumbani na jibu la "tutakuita" mu simu. Tusome kidogo habari ya mama mmoja wa Marekani, Nora Roberts, mwandishi wa riwaya za mapenzi.

Aliolewa mara tu kisha kumaliza sekondari. Mu Februari 1979, theluji ilianguka mingi sana kwao Maryland. Njia zilifungwa, yeye akabaki mu nyumba na watoto wawili wadogo, hakuna masomo, hakuna kutoka. Ndiyo akakamata daftari na kalamu, akaanza kuandika hadithi yenye alikuwa nayo mu kichwa.

Kisha akatuma maandishi kwa Harlequin, nyumba kubwa ya kuchapa vitabu vya mapenzi. Walimukatalia mara mingi. Yeye mwenyewe anasimulia kama siku moja walimujibu: tuko tayari na mwandishi wetu wa Marekani. Huyo alikuwa Janet Dailey.

Lakini mu 1980 Silhouette ilianza, nyumba ingine yenye ilitafuta waandishi wa Marekani. Mu 1981 ikachapa kitabu chake cha kwanza, Irish Thoroughbred. Kati ya 1982 na 1984, riwaya 23! Leo amepita 200. Tangu 1995 anaandika pia hadithi za polisi na jina la J.D. Robb.

Siri ni gani? Haiko dawa. Anakaa ku meza karibu saa nane kila siku, sawa mutu wa biro. Hangojee mawazo mazuri yamukute kitandani.

Sasa musikie hii. Mu 1997, musomaji mmoja alisoma kitabu cha Roberts na kile cha Dailey, kimoja nyuma ya kingine. Akaona sehemu zinafanana. Dailey akakubali kama alikopia, akasema ilikuwa sababu ya shida za akili. Ndiyo ule mwandishi mwenye jina lake lilifunga mlango! Roberts akamushitaki, wakapatana mu 1998, na feza zikasaidia kazi ya kufundisha watu kusoma.

Tusidanganyane: tunajua namna TFC zingine zinatengenezwa. Unakamata ya mukubwa wako, unabadilisha jina la commune na mwaka, unapeleka. Jury inaweza kukosa kuona. Lakini Dailey hakukamatwa na jury, hakukamatwa na avoka. Ni musomaji wa kawaida tu. Na kwa sasa TFC zinaanza kuwekwa mu intaneti, wasomaji ni wengi.

Kukataliwa kulimuchelewesha Roberts miaka miwili hivi. Kukopia kulimuharibia Dailey jina lenye alijenga kwa miaka makumi mbili.

Wewe mwenye uko unaandika sasa, kurasa ngapi ni zako kweli?