Picha za enzi ya magendo zatoka kabatini

TORORO. Mfanyabiashara wa Kiyeyi anayevuka mpaka wa Busia leo na mahindi yasiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hujaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, akaendelea na safari. Mwaka 1975 Idi Amin aliunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi. Aliyepatikana na hatia ya magendo, kuficha bidhaa au kupandisha bei angeweza kuhukumiwa kifo.

Sura za baadhi ya walioshtakiwa zimo katika negativu zipatazo 70,000 zilizogunduliwa mwaka 2015 ndani ya kabati la Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC), Kampala. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, na nyingi hazikuwahi kusafishwa. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha sehemu yake.

Lakini kamera hiyo ilikuwa ya serikali. Inaonyesha mtuhumiwa na bidhaa zilizokamatwa. Haionyeshi yaliyompata baadaye. Asiyejua historia anaweza kudhani anaona serikali ikimlinda mlaji dhidi ya walanguzi.

Hapo ndipo watu wa mpakani wana deni. Wazee wa Busia, Malaba na Tororo wanajua nani aliuza nini, na nani hakurudi nyumbani. Wasipoulizwa sasa, aliyekuwa baba au mama wa mtu atabaki katika picha kwa jina moja tu: mlanguzi.