Unanunua hedifoni za studio na udijei? Soma hii kabla ya kutuma pesa

Chukua kijana wa Lurambi anayesoma Masinde Muliro. Wikendi anapiga muziki kwa harusi, katikati ya wiki anatengeneza biti kwa laptopu chumbani. Anaweka shilingi 100 kila siku kwa simu, na baada ya siku 60 ana 6,000. Hiyo pesa ikiishia kwa hedifoni mbaya, miezi miwili ya kujinyima imeenda bure. Kwa hivyo leo tunaongea hedifoni kwanza, malipo baadaye.

Unachotafuta ni hedifoni zilizofungwa nyuma, yaani kikombe cha sikio hakina matundu upande wa nje. Sauti haivuji sana, na kelele za nje zinapungua. Ukiwa DJ, spika zinanguruma kando yako na bado lazima usikie wimbo unaofuata kabla umati haujausikia. Ukiwa unarekodi, shida ni maiki: mwimbaji akivaa hedifoni zilizo wazi, biti inavuja na kuingia kwa maiki pamoja na sauti yake, na kuitoa baadaye ni kazi ngumu.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Samson SR850 na Superlux HD681 husifiwa sana kwa bei yao, na kweli si mbaya, lakini ni nusu wazi. Kusikiliza ukiwa peke yako, sawa. Kwa udijei, hapana.

Jambo la pili ni besi. Hedifoni nyingi za bei ya chini huvimbisha besi ili zikufurahishe dukani. Sasa fikiria umerekodi isukuti, ngoma zetu za Isukha na Idakho ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Kuna ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Hedifoni zikivimbisha besi, ile kubwa inameza wenzake, wewe unaipunguza ukidhani umerekebisha, halafu wimbo ukichezwa kwa matatu unasikika mwembamba kama umepigiwa kwa debe. Ukienda kununua, beba wimbo unaoujua vizuri sana. Usikubali kujaribiwa na wimbo wa muuzaji.

Bluetooth? Kwa kazi hii, sahau. Sauti huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wimbo wa biti 120 kwa dakika hupiga biti moja kila nusu sekunde, kwa hivyo kuchelewa hivyo kunatosha kukuvuruga ukiunganisha nyimbo. Nunua za waya.

Angalia pia omu, ile alama ya Ω kwenye boksi. Ukitumia simu ama laptopu, tafuta kati ya 32 na 80. Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 ni nzuri, lakini ukiichomeka kwa simu sauti itakuwa chini na utadhani umeuziwa mbovu.

Kwa majina: Audio-Technica ATH-M20x ni mwanzo mzuri wa kutengeneza muziki, ila waya wake hautoki, ukikatika ni fundi. ATH-M40x ni ghali zaidi, lakini waya unachomoka na vikombe vinageuka, kwa hivyo inafaa kazi zote mbili. OneOdio Pro-10 ni ya bajeti ndogo, na waya wake una pini ya simu na ile nene ya miksa. Besi yake ni nyingi kidogo. Sennheiser HD 25, inayouzwa tangu 1988, madijei huipenda kwa sababu kila kipande kinabadilishwa kikiharibika, ila kwa 6,000 usiiwazie mpya. Ukiambiwa unaweza kuipata, hapo kuna maneno.

Na maneno ndiyo yanatuleta kwa pesa. Wengi Kakamega huagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, mzigo unakuja kwa basi. Muuzaji mgeni akisema tuma yote kwanza, omba mlipane mzigo ukifika, ukishaufungua na kuujaribu. Lipa kwa nambari ya till ya duka, si nambari ya mtu binafsi, na kabla hujaweka PIN soma jina linalotokea. Duka likiwa na jina moja na simu ikuonyeshe lingine, simama, uliza. Wale wa kuomba “pesa kidogo ya usafiri tu” kabla ya kutuma mzigo, wengi wao hutawaona tena.

Umekosea nambari? Usingoje asubuhi. Wasiliana nasi saa hiyo hiyo ukiwa na ile SMS ya muamala. Kama pesa bado iko kwa akaunti ya aliyeipokea, kuna nafasi ya kuirudisha. Akishaitoa kwa wakala, kuipata tena inakuwa ngumu sana, hata kwetu.