Kunyoa na Kunyolewa: Nywele za Mwanamke Mzee katika Lugha na Desturi

0. Utangulizi

Swali la kama mwanamke aliyekula chumvi nyingi aache nywele zake ndefu au azipunguze huulizwa barazani, kilioni na hata chuoni, na aghalabu hujibiwa upesi. Wengine husema nywele ndefu ni za wasichana, na kwamba mzee anayesuka anatafuta ujana uliokwisha pita. Wengine husema kichwa kilichonyolewa ni cha mfiwa, na kwamba kumkata bibi nywele bila kufiwa ni kumtangulizia msiba. Pande zote mbili zinapima urefu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili chenyewe hakishughulikii sana urefu. Kinashughulikia jambo jingine, yaani ni nani mwenye uamuzi juu ya kichwa. Hoja hii itatazamwa kwanza katika msamiati, pili katika kauli za vitenzi, tatu katika historia ya Kongo na desturi za ujane, na mwisho katika hali ya mwili unaozeeka.

1. Msamiati

Sifa za -refu na -fupi zinazotajwa juu ya nywele ni zile zile zinazotajwa juu ya kamba, njia na hotuba. Majina mengi yaliyo ya nywele peke yake hayataji kipimo. Singa na kipilipili hutaja asili ya nywele; timutimu hutaja nywele zisizochanwa; mvi hutaja rangi; denge na msuko hutaja kazi ya mkono. Hata denge, ambalo ni kunyoa pande zote na kuacha nywele za utosini, si jina la urefu bali ni jina la mpango: wapi wembe umepita na wapi umezuiwa.

Miongoni mwa majina hayo, mvi lina tabia ya pekee. Husemwa kwamba mtu ameota mvi, kama vile shamba linavyoota majani. Hakuna mkono wa mtu katika tendo hilo. Karibu kila kitu kingine kinachotokea kichwani, yaani kuchana, kusuka, kukata, kunyoa, kupaka na kufunika, kinahitaji mtendaji. Basi mwanamke mzee ana juu ya kichwa chake kitu kimoja alicholetewa na miaka, na vingine vingi vinavyoletwa na watu. Lawama na sifa hazina budi kuelekezwa kwa hivyo vya pili.

Majina ya mwenyewe nayo yafaa kuzingatiwa. Mzee na bibi ni ya heshima. Kikongwe hutaja wingi wa miaka. Ajuza, katika vinywa vya wengi, lina dharau ndani yake. Mjini Lubumbashi bibi huitwa nkambo au kambo, neno la ukoo ambalo mgeni wa pwani anaweza kulielewa vibaya, kwa kuwa kwake kambo ni mzazi asiyekuzaa. Ni rahisi kutamka kwamba ajuza asisuke nywele. Kumwambia nkambo jambo hilo ni vigumu zaidi, maana neno lenyewe linamkumbusha msemaji kwamba anazungumza na aliyemzaa mzazi wake.

2. Kauli za vitenzi

Methali mbili zinazojulikana sana zinatoka katika kazi ya kunyoa. Ya kwanza husema: Kinyozi hajinyoi. Ya pili husema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika ya kwanza kauli ya kujitenda inakanushwa. Katika ya pili kauli ni ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Methali zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: kichwa cha mtu huwa mikononi mwa mwingine. Hata fundi wa wembe hawezi kujitegemea.

Lakini matumizi ya kila siku yanaonyesha kwamba lugha haikuishia hapo. Mwanamke aliyetoka kwa msusi huulizwa, “Umesuka wapi?” Haulizwi, “Umesukwa wapi?”, ingawa vidole vilivyofanya kazi si vyake. Vivyo hivyo husemwa, “Bibi amekata nywele,” hata kama mkasi ulikuwa mkononi mwa mjukuu. Katika sentensi hizo kauli ya kutenda haimtaji mwenye mkono. Inamtaja mwenye shauri. Bibi alitaka, akakaa kitini, akaeleza apendavyo. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekata.

Sasa ilinganishwe sentensi, “Bibi amenyolewa.” Kisarufi ni kauli ya kutendwa ya kawaida. Hata hivyo msikilizaji huuliza mara moja: Na nani? Kwa sababu gani? Je, ni mgonjwa? Amefiwa? Urefu wa nywele zilizobaki unaweza kuwa ule ule katika sentensi zote mbili. Kilichobadilika ni mahali pa uamuzi.

Katika Kiswahili cha Katanga tofauti hii husikika kwa njia nyingine. Mahali ambapo Kiswahili sanifu husema “alinyolewa”, mara nyingi mtu wa Lubumbashi husema “balimunyoa”. Kiambishi ba- ni cha nafsi ya tatu wingi, lakini hapa hakiwataji watu fulani. Ba- hao ni akina nani? Inaweza kuwa ukoo, mashemeji, majirani, au desturi yenyewe iliyovaa umbo la watu. Kwa nje muundo huu unaonekana kumtaja mtendaji waziwazi kuliko kauli ya kutendwa. Kwa kweli unaweza kumficha vizuri zaidi, kwa sababu anayeulizwa hujibu kwamba ni “wao”, na wao hawapatikani.

Ipo pia kauli ya kutendana: kusukana. Wanawake wawili hukaa barazani, huyu anamsuka yule leo, na yule anamsuka huyu kesho. Ni deni linalolipwa kwa vidole, na ndani ya deni hilo hupita habari za ndoa, za watoto na za bei ya unga. Mwanamke anapozeeka, macho yakapungua nuru na viungo vya vidole vikakakamaa, hutoka katika kusukana na kubaki katika kusukwa tu. Mabadiliko haya ya kauli ni mabadiliko ya maisha. Wengi wanaosema, “Nikateni tu, nisiwasumbue,” hawazungumzii urembo. Wanaomba radhi kwa sababu hawawezi tena kulipa deni.

3. Nywele na cheo katika historia ya Kongo

Dai la kwamba nywele zilizotengenezwa kwa ufundi ni mali ya wasichana halipati nguvu katika historia ya nchi. Miongoni mwa Waluba wa Katanga mitindo ya nywele ilieleza cheo, kazi na hali ya mtu katika jamii. Mito ya mbao ya kulazia shingo, ambayo leo huhifadhiwa katika majumba mengi ya makumbusho, ilichongwa ili msuko usiharibike usingizini. Mingine ina sanamu za wanawake wenye nywele zinazoshuka kwa ngazi, moja juu ya nyingine. Huko Uele, Wamangbetu walizifuma nywele za mwanamke wa cheo zikapanuka nyuma ya kichwa mfano wa kipepeo cha mkono. Picha zilizopigwa na Casimir Zagourski katika miaka ya 1920 na 1930 ziliusambaza mtindo huo duniani. Katika mifano hii nywele hazikusema, “Mimi ni kijana.” Zilisema, “Mimi ni fulani.”

Historia hiyo inafundisha pia kwamba watu wa nje ya kichwa wamependa sana kukiamuru. Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya uhalisi iliyotangazwa na Mobutu, serikali iliingilia mavazi na mapambo ya raia, na wigi zikawa miongoni mwa vitu vilivyopigwa vita. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima ya Mwafrika. Lakini heshima hiyo iliamuliwa na wengine, naye mwanamke akaletewa kama agizo.

4. Ujane

Mahali ambapo swali la nywele huacha kuwa la mapendezi na kuwa la haki ni penye matanga. Katika jamii kadhaa za Afrika ya Kati mjane hunyolewa mumewe anapofariki, au kilio kinapomalizika. Desturi hiyo ina maana yake: nywele za wakati wa ndoa huondoka, na zinazoota baadaye huwa za maisha mapya. Mjane anayeijua maana hiyo na kuikubali hupata ndani yake faraja ya kweli. Si haki kumcheka, wala kumwambia kwamba huzuni yake ni ushamba.

Lakini wapo wasioikubali, na hasa wazee. Kijana aliyenyolewa huona nywele zake zikirudi. Nywele huota kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi. Kwa mwanamke wa miaka 70 huota polepole zaidi na kuwa chache, na huenda zisirudi kama zilivyokuwa. Tena mwenye miaka hiyo aghalabu hana nguvu za kubishana na mashemeji, na pengine nyumba anayokaa ni yao. Wembe huo mmoja, kwa vichwa viwili, haufanyi tendo moja.

Dini nazo hutajwa mara nyingi kuliko zinavyosomwa. Kwa Waislamu, ambao katika Kongo wana mizizi ya kale Kasongo na sehemu nyingine za Maniema, eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, naye huacha mapambo. Kunyoa kichwa si sharti la eda. Hata katika ibada ya haji, ambapo wanaume hunyoa au hupunguza nywele, mwanamke hupunguza ncha tu. Kwa Wakristo, Mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho anazitaja nywele ndefu za mwanamke kuwa utukufu wake, na kitabu cha Mithali kinakifananisha kichwa chenye mvi na taji. Hakuna mahali katika hayo panaposema kwamba utukufu huo una mwisho wa umri.

Sheria nayo imesema. Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake katika Afrika, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuridhiwa pia na Kongo, inazitaka nchi katika kifungu cha 20 kuhakikisha kwamba wajane hawatendewi matendo ya kinyama, ya kudhalilisha au ya kuwashusha hadhi. Kifungu cha 22 kinawalinda wanawake wazee na kutaja hadhi yao. Mjane mzee yumo katika vifungu vyote viwili. Kumnyoa kwa nguvu hakuwezi kutetewa kwa kusema kwamba “balimunyoa”. Lazima ba- wajulikane.

5. Mwili wenyewe

Inabaki hoja ya afya, nayo ni nzito. Mwanamke anapokoma hedhi, nywele zake huanza kuwa nyembamba, na muda wa kila unywele kukua hufupika. Nywele za kipilipili, kwa umbo lake la kujipinda, hukatika kwa urahisi zinapochanwa zikiwa kavu. Msuko uliovutwa sana, hasa wenye nywele za bandia nzito, huvuta mizizi ya panja na ya paji la uso; ukirudiwa kwa miaka mingi mizizi hufa, na hapo hakuna mafuta yatakayoirudisha. Dawa za kulainisha nywele huweza kuunguza ngozi, na ngozi ya mzee ni nyepesi.

Kwa sababu hizi nywele fupi zina faida kubwa: huoshwa upesi, hukauka upesi, huonyesha kidonda au ukoko mapema, na hazimlazimishi mwenye maumivu ya mabega kuinua mikono. Anayependa kuziacha ndefu anaweza kuzihifadhi kwa mabutu makubwa yaliyosukwa bila kukaza, na kwa kuzichana zikiwa na maji au mafuta. Kipimo hapa ni ngozi ya kichwa. Miaka iliyoandikwa katika kitambulisho haiingii katika hesabu.

Hata hivyo faida hiyo ina gharama ambayo daktari haioni. Bibi anayesukwa na mjukuu kila Jumamosi hupata saa mbili za kuguswa na za kusikilizwa. Akikatwa nywele “ili apumzike”, saa hizo huweza kupotea pamoja nazo. Familia inayochagua wepesi wa nywele fupi yapasa kutafuta njia nyingine ya kuzilipa saa hizo: kumpaka mafuta kichwani, kumfunga kitambaa, kukaa naye bila sababu.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba msamiati wa nywele hutaja zaidi kazi ya mkono kuliko kipimo. Kwamba kauli ya kutenda, katika “amesuka” na “amekata”, humtambua mwenye shauri hata pale asipokuwa mwenye mkono. Na kwamba desturi, dini, sheria na afya hazitoi umri ambao mwanamke akiufikia hana budi kukata nywele au kuziacha.

Basi jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni kwamba nywele fupi mara nyingi humfaa mzee, nazo ndefu hazimkatazwi, mradi mwenyewe aweze kuwa kiima cha sentensi. Jaribio ni rahisi, na mwanafunzi yeyote wa sarufi anaweza kulifanya nyumbani kwao. Amtazame nkambo wake, kisha ajiulize ni ipi kati ya sentensi mbili iliyo ya kweli: “Amekata nywele,” au “Balimukata nywele.” Ikiwa ni ya pili, ipo kazi ya kufanya kabla wembe haujachukuliwa tena, nayo ni kumwuliza mwenyewe.