Daftari la Zahanati ni Amana

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Heru Juu kumbukumbu za maradhi ya mtu mara nyingi hukaa katika daftari la shule lililonunuliwa dukani. Likijaa hutupwa, na mgonjwa huanza jipya lisilojua lolote juu yake. Mazoea haya yana hatari.

Mwenye mzio wa penisilini, akikosa maandishi, aweza kuchomwa tena dawa iliyokaribia kumuua. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana kovu, lakini kovu halimwelezi mkunga sababu ya upasuaji ule. Mtoto naye hupewa chanjo ya pentavalenti wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua-rubela miezi 9 na 18. Ni kadi inayoonyesha ipi imebaki. Basi tusione haya kumuuliza daktari: umeandika nini hapa?

Wako wanaotaja jina au umri wa uongo zahanati, wakidhani habari zao zitasambazwa. Wajue kwamba taarifa ya kila mwezi ya MTUHA inayopelekwa wilayani ni hesabu tu: wangapi wameugua malaria, wangapi wamejifungua. Majina hubaki katika rejista, na kwa hesabu hizo dawa hupangwa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mwenyewe haki ya kuziona na kutaka makosa yarekebishwe.

Lakini sheria haifiki uani kwetu. Huko kinachotulinda ni uchamungu. Mjukuu anayemsomea bibi yake daftari amebeba amana. Akilisimulia kisimani, hiyo ni ghiba, hata kama kila neno ni kweli. Vivyo hivyo kwa jirani aliyeazimwa simu yenye majibu ya vipimo, na kwa sisi tunaoombwa msikitini kumchangia mgonjwa: yatosha kujua kwamba anahitaji.

Tunashauri kila nyumba iwe na mfuko mmoja usiopenya maji. Humo ziwekwe kadi na madaftari ya kila mtu, la zamani lishonwe pamoja na jipya, na dawa inayomdhuru mhusika iandikwe ukurasa wa kwanza. Mfuko huo utunzwe kama inavyotunzwa hati ya shamba. Wabillahi tawfiq.